Kuchagua Nzi wa Uongo Nikiwa Kichakani

Nyinyi vijana mlioipokea ofisi yangu, nimesikia mmeanza kwa kufagia. Mmetupa makopo yangu ya manyoya nje mkidhani ni uchafu wa kuku. Nimeyaokota yote. Sasa kabla hamjatupa na hiki kilichobaki kichwani mwangu, nimekaa kuandika. Habari za vyeo sitaandika, maana nilipata viwili tu, na hicho cha pili nilikijua baada ya mwaka mzima kwa kuwa barua yake ilikuwa imekaa chini ya kopo la gundi. Mshahara nao mnaujua, tusitiane simanzi. Nitaandika habari za nzi.

Mimi nilikuwa bwana samaki. Najua kwamba mimi ni mwanamke, na kila mtu alijua, lakini huku kwetu Ileje kazi hiyo inaitwa bwana samaki na anayeikalia ni bwana. Hata nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu, mzee mmoja wa Isongole alinisimamisha njiani akaniuliza kwa upole kabisa, "Bwana samaki, na tumbo hilo utaweza kupanda mlima?" Nikamjibu kwamba bwana yeyote mwenye tumbo kubwa hapa wilayani anapandishwa kwa gari, sembuse mimi.

Kazi nilianzia Tunduma, kukagua samaki wakavu wanaoingia kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Siku ya kwanza mkuu wangu alinikabidhi koti jeupe na bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia na kutolea kilichomo, akanionyesha foleni ya malori. "Choma, vuta, nusa," akasema, akaenda kunywa chai. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote. Nilinusa mpaka nyumbani chakula kikawa hakina harufu. Mama mmoja wa Zambia aliapa mbele yangu, "Mayo, ni kapenta fye!" akimaanisha gunia zima ni dagaa tu. Nikachoma, nikavuta, bambo ikatoka na uzi mwekundu. Nikamwambia dagaa wake wamevaa vitenge. Alicheka yeye, nikacheka mimi, foleni nzima ikacheka, na vitenge vikaenda kukaguliwa na wanaohusika na vitenge.

Kutoka hapo nikapelekwa Msangano, tambarare ya Momba, kuwafundisha wafugaji kuchimba mabwawa ya kambale. Walinisikiliza kwa heshima. Wakachimba bwawa zuri kuliko yote niliyowahi kuona, likajaa maji, wakaleta ng'ombe, ng'ombe wakalinywa lote kwa siku nne. Nilipouliza samaki watakaa wapi, mzee wa boma aliniambia, "Mama, samaki wako wasubiri kidogo, hawa walitangulia." Niliandika taarifa kwamba mradi umepokelewa vizuri sana.

Nikaolewa. Mume wangu, Gwamaka, ni mwalimu, mtu wa milimani juu ya Isongole, na mimi nikaomba uhamisho nimfuate. Ndivyo nilivyofika kwenye kijito cha Lwibula. Kama hamjapanda kule bado, vaeni sweta. Maji yanatoka msituni yakiwa ya baridi kiasi cha kuuma meno, na ndani yake wamo trauti, samaki wenye madoadoa ambao wazungu wa zamani waliwapandikiza, wao wakaondoka, samaki wakabaki. Wenyeji waliwaita samaki wa kiburi. Hawali chambo cha nyungunyungu mbele ya watu, na nyavu pamoja na majani ya utupa, yale ya kulevya samaki, vilipigwa marufuku. Ruhusa ilikuwa ya kitu kimoja tu: fimbo, mshipi na nzi wa uongo, yaani ndoano iliyovalishwa uzi na manyoya ifanane na mdudu.

Hapo kijitoni nilimkuta Mzee Ambakisye, mlinzi wa mto. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kwenye jua kali. Ujanani alikuwa akiwabebea wazungu mizigo ya kuvulia, akajifunza kazi yao kwa kuwatazama mikono huku wao wakidhani anaangalia mizigo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza nimekuja kupima nini.

"Nimekuja kujifunza, Mzee."

"Mwe! Wa kwanza huyo," akasema, akaingia majini na viatu vyake. Akainua jiwe, akaligeuza, akanipa nilishike. "Unaona nini?"

"Jiwe."

"Tazama tena."

Nikatazama. Upande wa chini ulikuwa unatembea. Vidudu vya kahawia vyenye mikia mitatu, vingine vimejijengea vinyumba vya mchanga, vingine kama punje ya ulezi. Akanieleza kwamba samaki hali nzi mzuri, anakula nzi aliyezoea, na mwenye kutaka kujua amezoea nini hafungui kopo kabla hajageuza jiwe. Wanangu, hayo tu ndiyo mafunzo ya kazi yote. Mengine niliyojifunza baadaye yalikuwa kuyasahau hayo na kuyakumbuka tena.

Nzi tulitengeneza wenyewe. Jiriwa yetu ya kubania ndoano ilikuwa ya fundi baiskeli, nzito, tukaifunga mezani kwa waya. Uzi tuliomba kwa fundi cherehani. Sufu ya mwili wa nzi ilitoka kwenye sweta la Gwamaka la rangi ya majani makavu, nililokuwa nalifumua kidogo kidogo kuanzia kiwiko cha kushoto. Mwenzangu alidhani ni panya. Alinunua paka. Nilimfuga yule paka miaka kumi na mmoja na hakuna panya hata mmoja aliyekamatwa, na mpaka naandika hivi Gwamaka hajui. Nanyi kama mnampenda msimsomee ukurasa huu.

Manyoya ni habari nyingine. Nzi wa kuelea anahitaji unyoya wa shingo ya jogoo, ule mwembamba, mgumu, unaong'aa, ili asimame juu ya maji kwa ncha za vinywele. Jogoo wa kufaa alikuwa mmoja tu kijiji kizima, wa rangi ya kijivu kama moshi wa kuni mbichi, na alikuwa wa mchungaji. Nilikuwa namwita kwa ulezi nyuma ya kanisa, namshika kwapani, nachomoa mawili matatu, namwachia. Alinizoea hadi akawa ananifuata mwenyewe. Ikafika Jumapili mchungaji akahubiri kuhusu mikono inayogusa visivyo vyake, akimtaja jogoo kwa huzuni, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko waumini wote.

Nzi wetu tuliwapa majina ili tusichanganye. Karani alikuwa mdogo wa kahawia, hana sura, hasemwi, na ndiye aliyefanya kazi yote. Mjane alikuwa mweusi mtupu, wa siku ambazo sisimizi wenye mabawa wanaanguka. Dereva wa IT nilimbuni mimi: nilimviringishia utepe wa kumetameta wa Krismasi nilioununua Nakonde, kwa heshima ya wale vijana wanaopitisha magari ya IT, yale ya kupita tu kwenda nchi za nje, mpakani Tunduma wakiwa wamevaa miwani. Huyo ni wa maji ya tope, maana kwenye tope samaki haoni kitu isipokuwa kinachojionyesha. Kwenye maji meupe anafukuza samaki mpaka Malawi. Mgeni mmoja mrefu alikuja na mkoba wenye nzi wa dukani, wamepangwa kama dawa, akavua kuanzia asubuhi bila kuguswa, akanunua Karani mmoja kwa Mzee Ambakisye na kupata samaki watatu. Aliuliza hii sufu adimu inatoka kwa mnyama gani. Mzee akamjibu, "Mwalimu."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lakini kwanza nieleze mila, kwa sababu wengine wenu mmetoka mbali.

Kwetu Wandali mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hawasalimiani, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Akija njia hii, unaingia shambani. Ukishindwa kukimbia, unachutama, unajifunika kanga kichwani, unageukia pembeni mpaka hatua zake zipotee. Jina lake hulitaji, wala mimi silitaji hapa. Mkitaka kulijua ulizeni mtu ambaye hakuolewa na mwanawe. Siyo chuki. Ni heshima, na inahitaji mbio. Siku moja nilikuwa dukani Isongole nikasikia kikohozi chake mlangoni, nikajibanza nyuma ya magunia ya mbolea. Alikaa saa nzima akizungumza siasa. Nilitoka pale na mbolea ya kutosha kuoteshea mahindi mgongoni. Miaka yote ya ndoa nilikuwa namfahamu kwa kikohozi, mabuti na kisogo. Uso wake sikuujua.

Na baba mkwe huyo ndiye alikuwa diwani wetu, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata. Mtu mkali, mnyofu, asiyependa kitu ambacho hakukishika kwa mkono wake.

Ikaja hoja kwenye kamati kwamba kijito cha Lwibula kichepushwe kule juu kabisa, maji yaende kwenye mabwawa ya perege. Mimi niliandika kwamba perege ni samaki wa joto, kwenye maji yale watabaki wadogo kama vidole, na mfereji ukichukua maji ya juu trauti wa chini watakufa kabla ya masika. Niliandika mara tatu. Barua zilikuwa zinafika mezani kwa mtu ambaye siruhusiwi kumtazama, kumwelezea nisingeweza, na kumtuma Gwamaka ndiyo usiseme, yule mbele ya baba yake anakuwa mwanafunzi wa darasa la pili. Nilikonda. Nilikuwa nimekaa na samaki wale miaka mingi, nilijua wanapotagia, nililijua kwa jina jike moja kubwa la chini ya gogo. Kuwaza kwamba watabaki wakihema kwenye matope kulinikosesha usingizi.

Mzee Ambakisye akaitwa kujieleza kama mlinzi. Alirudi na jibu la diwani, akanisimulia neno kwa neno.

"Amesema tangu azaliwe hajaona mtu wa hapa akitoa samaki Lwibula kwa nzi. Anaona tunawafugia wageni hadithi. Jumamosi anakuja mwenyewe na kamati. Atavua kwa mkono wake. Akipata samaki mmoja kabla ya saa nane, mto ubaki ulivyo. Akikosa, Jumatatu mfereji unachimbwa."

"Ulikubali?"

"Ningekataa vipi? Lakini binti, kuna tatizo."

Tatizo nililijua. Macho ya Mzee yalikuwa yameingia ukungu. Kwa misimu miwili mimi ndiye niliyekuwa nageuza jiwe, mimi nachagua, yeye anakabidhi wageni na kupokea sifa. Hiyo ilikuwa siri yetu, na tuliifurahia mno. Jumamosi yeye asingeweza kuchagua, na mimi nisingeweza kusogea alipo baba mkwe.

"Nitakaa kichakani," nikasema.

Jumamosi asubuhi nikawahi. Nilijificha kwenye kichaka cha mianzi, hatua kama sitini juu ya pale tulipopanga avulie, upande wenye msitu. Nilikuwa na kopo langu la nzi na sweta langu la kijani kibichi. Wakafika. Nikasikia kikohozi, nikachutama hata kabla sijafikiri. Wanakamati walikaa majanini kama watu waliokuja kuangalia mpira. Mzee Ambakisye akamshikisha baba mkwe fimbo, akamweleza asirushe mbali, aache upepo ubebe mshipi, nzi aguse tu maji. Kisha akajifanya anakwenda haja, akaja kichakani.

Nilikuwa nimeshageuza jiwe langu. Vidudu vya kahawia tele. "Karani," nikamnong'oneza. Nikampa.

Saa moja ikapita. Baba mkwe alinasa majani, akanasa koti lake, akanasa kofia ya mjumbe wa kamati. Samaki hakuna. Mzee akaja tena kwa haja. Nikageuza jiwe la pili, nikakuta sisimizi kwenye ukingo, nikampa Mjane. Kimya. Akaja mara ya tatu, na nikasikia mmoja wa wanakamati akimpa pole na kumshauri apunguze uji. Hapo nilianza kupaniki, nikampa Dereva wa IT kwenye maji meupe, kosa ambalo ningemchapa mwanafunzi wangu kwa ajili yake. Samaki wakatawanyika. Nikamsikia baba mkwe akisema kwa sauti yake kavu, "Sasa huyu si nzi, huyu ni bwana harusi." Wakacheka wote. 

Nilikaa chini nikajiuliza nimekosea wapi. Na wanangu, jibu lilikuwa la aibu. Nilikuwa nageuza mawe ya kwangu. Kule nilikojificha kulikuwa na kivuli, msitu juu, maji yanakwenda kasi. Kule alikosimama baba mkwe kulikuwa jua tupu, majani marefu, maji yametulia. Ni mto mmoja lakini chakula tofauti. Kwa kumkwepa mtu nilikuwa nachagua nzi wa maji ambayo hakuna anayevua. Ilibidi nikaone pale pale chini ya miguu yake.

Mzee alipokuja mara ya nne nikamwambia. Alijua ninachoomba. Nikijitokeza mbele ya baba mkwe, tena mbele ya kamati, nimemvua nguo mbele ya watu, na familia yangu itatoa ng'ombe wa kusafisha aibu hiyo, na Gwamaka hatainua uso kwa baba yake tena. Nikibaki kichakani, saa nane inafika. Kwenye simu ya Mzee ilikuwa saa saba na dakika tano.

"Kamwambie ukweli," nikasema. "Mwambie wewe huoni. Mwambie anayechagua ni mimi."

"Sifa zangu zote hizo?" akauliza, lakini alikuwa anatabasamu. Akavua kofia ya sufu, mara ya kwanza namwona kichwa, akaenda.

Nilisikia kila neno.

"Mheshimiwa diwani, naomba radhi. Macho yangu yamekufa zamani. Nzi hawa sichagui mimi. Mchaguzi yuko kule kwenye mianzi, na anaomba kuja kuyatazama maji yako."

"Basi aje! Tangu asubuhi anafanya nini huko?"

"Hawezi kuja, mheshimiwa."

"Hawezi kwa nini? Hana miguu?"

"Ni mkamwana wako."

Weee! Sikusikia kikohozi, sikusikia mjumbe. Nilifumba macho nikaanza kuhesabu ng'ombe wa baba yangu, nikakumbuka hana.

Kisha nikasikia mabuti yakitoka majini taratibu. Nilidhani anaondoka. Nikachungulia kati ya mianzi, Mungu anisamehe. Baba mkwe wangu, diwani, mwenyekiti, mtu ambaye polisi wanamwamkia wakiwa wamekaza miguu, alikwenda mpaka kwenye jiwe kubwa, akakaa akiutazama mlima, akavua koti lake, akajifunika kichwa chote mpaka mabegani. Kisha akasema kutoka ndani ya koti, "Mwambieni apite. Na asikimbie. Mtu akiwa kazini hakimbii."

Wanakamati nao, wazee wazima, wakageuka mmoja mmoja wakautazama mlima.

Nilishuka. Nilijifunika kanga kama inavyotakiwa, nikapita hatua tatu nyuma ya mgongo wake, nikasikia pumzi yake ndani ya lile koti. Machozi yalinitoka, siwezi kuficha. Kwa miaka yote ile nilikuwa naingia shambani yeye apite. Hiyo siku yeye alijifunika mimi nipite.

Kulia kwenyewe sikulia sana, kazi ilikuwepo. Nikageuza jiwe. Tupu. La pili, tupu. Nikashangaa, nikainua macho, na ndipo nikaona. Upepo ulikuwa unalaza majani marefu ya ukingoni, na kila yakilala, panzi wadogo wa kijani wanaruka, wengine wanakosea wanaanguka majini, wanapiga miguu, halafu chini ya ukingo panatokea kiduara, panzi hayupo. Samaki walikuwa wanakula mbele ya mabuti ya baba mkwe asubuhi nzima. Chini ya mawe hakuna kitu, nami nilishikilia mawe kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa.

Kopo langu halikuwa na panzi. Nilirudi mbio kichakani, samahani, nilirudi kwa mwendo wa mtu aliye kazini, nikafumua pindo la sweta langu la kijani. Sina jiriwa, nikabana ndoano kwa meno. Mwili nikaufanya kwa bua kavu la nyasi, lenye uwazi ndani ili lielee, nikaliviringishia uzi wa sweta. Miguu ilikuwa manyoya mawili ya jogoo wa mchungaji, nimeyapiga fundo katikati yawe na magoti. Alikuwa panzi mbaya kuliko panzi wote duniani, amepinda kama mzee wa baridi yabisi. Nikampa Mzee. "Mwambie asirushe kabisa. Amwangushe kandokando ya majani, kama amekosea."

Baba mkwe alikuwa ameshavaa koti lake na kurudi majini. Ilikuwa imebaki robo saa. Akamwangusha panzi, upepo ukambeba, akagusa maji, akayumba. Hakuna kitu. Akamwangusha tena. Mara ukingo ukapasuka kwa kishindo, fimbo ikapinda, na diwani wetu akapiga kelele ambayo nadhani walioko Malawi waliisikia. "Ananivuta! Jamani ananivuta! Nimwachie?" "Usimwachie!" kamati nzima ikajibu. Akarudi nyuma, akateleza, akakaa majini mpaka kifuani, fimbo juu, kofia yake inaondoka na maji. Mjumbe ambaye kofia yake ilinaswa asubuhi alifurahi waziwazi. Na baba mkwe alipoinuka alikuwa amemkumbatia trauti kifuani kama mtu aliyepewa mjukuu, madoadoa yanameremeta juani, analia au ni maji ya mto, mimi sijui, nilikuwa naangalia kisogo.

Wanakamati wakasogea kumshika samaki kwa zamu. Mmoja akaanza kusema kuhusu mabwawa ya perege.

"Mabwawa gani?" baba mkwe akamkata. "Nilisema nini? Nilisema nikipata, mto ubaki. Andika." Katibu akaandika pale pale juu ya goti, na mfereji ukaishia hapo.

Kisha akafanya jambo ambalo lilishangaza watu kuliko samaki. Alichuchumaa akamrudisha majini, akamshika mpaka akapata nguvu, akamwachia. Na bado akiwa amechuchumaa, akiyaangalia maji, akasema kwa sauti ya kufika mianzini, "Ewe mto, mwambie mkamwana wangu kwamba barua zake tatu nilizisoma. Nilikuwa sijui kama aliyeziandika anajua anachosema. Sasa najua."

Mimi sikupaswa hata kutoa sauti. Lakini nilicheka. Kilinitoka kicheko kikubwa, cha ujinga, cha furaha, nikaziba mdomo kwa kanga nimechelewa. Pale chini nikasikia kikohozi, kisha kikohozi kikageuka, na baba mkwe wangu naye akawa anacheka.

Mzee Ambakisye alibaki mlinzi mpaka alipofariki, na hakuna aliyemuuliza habari za macho tena. Baba mkwe alitoka udiwani, akanunua fimbo, akawa mvuvi wa kila Jumamosi. Mila hatukuivunja hata siku moja. Yeye husimama kwenye maji, mimi hukaa mianzini, mto unatusikiliza wote wawili. Hapo katikati tumeshabishana kuhusu Karani, kuhusu Mjane, kuhusu malezi ya Gwamaka, na uso wake sijauona.

Wiki ile nyinyi mliponifanyia sherehe ya kuniaga, mkanipa kiti cha kukunja na maneno mazuri, Jumamosi yake nilipanda Lwibula kwa miguu. Nilitaka kuuaga mto kimyakimya. Nikamkuta ameshafika, mzee sana sasa, amejishikilia kwenye fimbo. Akanisikia nikiingia mianzini. Akakohoa.

"Ewe mto," akasema, "nimesikia serikali imempumzisha mkamwana wangu. Ni vizuri, apumzike. Lakini mwambie niko hapa tangu asubuhi, maji haya leo siyaelewi, na hawa wapya wa ofisini wamenipa nzi anayemetameta."

Nikaweka kiti changu cha kukunja chini, nikajifunga kanga vizuri.

"Ewe mto," nikasema, "mwambie baba avae koti kichwani. Nakuja."